UZI MAALUM: Kwa nini masomo ya kurusha ndege kwenye simuleta yanakwama kila toleo jipya likitoka, na namna ya kuyatunza (simuleta za FlightGear na DCS)

Rubani_Mezani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Mgeni anapakua simuleta, anafungua somo la kuwasha injini, anafuata kila alichoambiwa, propela inazunguka, lakini somo limeganda kwenye "weka magneto BOTH" (swichi ya cheche za injini, zote mbili). Anajiona mbumbumbu. Kumbe ndege ilishafanyiwa ukarabati na hakuna aliyefungua folda ya masomo.

Natumia Cessna c172p ya FlightGear kwa sababu faili zake ziko wazi na kila mtu anaweza kufuatilia. Wa DCS waongezee.

Ndani ya folda ya ndege kuna folda ya `Tutorials`, na kila somo ni faili la XML. Juu kuna `presets` (ndege ianzie uwanja gani, njia ipi ya kurukia) na `init` (hali ya swichi kabla ya kuanza). Halafu zinafuata `step`, moja baada ya nyingine. Kila `step` ina `message`, pengine `marker` (duara linalomwonyesha mwanafunzi swichi), `error` ya kumkosoa, na `exit`, yaani sharti ambalo likitimia somo linasonga.

Kinachokufa mara nyingi ni `exit`. Inasoma propati fulani (jina linalobeba thamani moja ndani ya simuleta, kama hali ya swichi au mzunguko wa injini); propati ikibadilishwa jina, sharti halitatimia milele, na kwenye skrini huoni kosa lolote. Mfano halisi: c172p ina chaguo la injini mbili, ya nguvu farasi 160 na ya 180. Ya kwanza ni `engine[0]`, ya pili ni `engine[1]`, na zimewekewa njia za pamoja: `/controls/engines/current-engine/` kwa vidhibiti na `/engines/active-engine/` kwa vipimo. Somo linalosoma `engine[0]` moja kwa moja linapita kwa mwenye 160 na linakwama kwa mwenye 180. Ndiyo maana kwenye nyuzi za msaada mmoja anasema "mbona kwangu liko poa" na mwenzake analia, na wote wawili wanasema kweli.

Kwa hiyo hatua ya kuwasha iandikwe hivi:

```
<exit>
  <condition>
    <greater-than>
      <property>/engines/active-engine/rpm</property>
      <value>500</value>
    </greater-than>
  </condition>
</exit>
```

Nimepima mzunguko wa injini, sijapima swichi. Majina ya matokeo (mzunguko, kasi, kimo) hayaguswi ovyo kama majina ya swichi. Tena aliyewasha kwa kipanya, kibodi au joystiki, wote wanapita.

---

mzee_wa_logi

Mkuu nakuunga mkono nusu. Ukipima matokeo peke yake, mwanafunzi anabonyeza kuwasha kwa mkato kwenye menyu, injini inawaka, na somo linampongeza kwa kazi ambayo hakuifanya. Swichi inabidi ipimwe pia, ila mahali pake ni kwenye `error`: "Bado hujafungua mafuta", "Mikscha iko nyuma" (mikscha ni kidhibiti cha uwiano wa mafuta na hewa). Jina la swichi likifa kwenye `error`, somo linapoteza onyo moja. Likifa kwenye `exit`, somo zima limekufa.

Sasa, namna ya kujua majina yapi yamekufa bila kurusha masomo yote. Ingia kwenye folda ya ndege:

```
grep -oh '<property>[^<]*</property>' Tutorials/*.xml | sort -u
```

Hiyo inakupa orodha ya kila propati inayotajwa na masomo. Washa FlightGear upya, usifungue somo lolote, nenda kwenye dirisha la Nasal, lugha ya skripti ya FlightGear (menyu ya Debug), bandika orodha yako:

```
foreach (var p; ["/engines/active-engine/rpm",
                 "/controls/gear/brake-parking"])
  if (props.globals.getNode(p) == nil) print("HAIPO: ", p);
```

Majibu utayakuta kwenye logi. Linux angalia ndani ya `~/.fgfs`, Windows ni `%APPDATA%\flightgear.org`.

Ukishapata lililokufa, usikisie jipya. Kama una git ya ndege (hazina ya historia ya mabadiliko ya faili), `git log -S'jina-la-zamani'` inakutolea kila badiliko lililoliongeza au kuliondoa, pamoja na maelezo ya aliyelifanya. Mara nyingi jina jipya liko mstari wa chini yake tu.

---

Kaskazi_09

Wakuu samahani, nimefuata hiyo ya mzee. Zote zipo, hakuna HAIPO hata moja. Lakini hatua ya flapu na hatua ya altimita bado zinakwama. Inakuwaje?

---

mzee_wa_logi

Kaskazi, hapo kuna mambo mawili tofauti.

Kwanza, propati kuwepo si ushahidi kwamba inafanya kazi. Kwenye FlightGear chochote kinachotaja jina kinaweza kuliumba: animesheni ya zamani ya modeli, sauti, hata somo lenyewe likiweka `set`. Jina linabaki pale kama maiti, thamani yake sifuri, na hakuna anayeligusa. Kipimo cha kweli ni kuangalia kama linacheza. Fungua kisoma propati (Browse Internal Properties), sogeza swichi kwa mkono, tazama namba. Au weka msikilizaji:

```
setlistener("/controls/flight/flaps",
  func(n) print(n.getPath(), " = ", n.getValue()));
```

Angalizo: propati zinazofungwa moja kwa moja na injini ya mwendo wa ndege (zile zinazoitwa tied) hazimwamshi msikilizaji. Usije ukatangaza imekufa kumbe iko hai. Hizo zisome kwa macho.

Pili, kwa kesi yako nahisi tatizo ni `equals`. Flapu za Cessna hii zinaandikwa kwa sehemu, 0 hadi 1, na digrii 10 ni kama 0.33. Mwandishi wa somo akiandika sawa na 0.33 na ndege ikatoa 0.3333, hazitalingana kamwe. Altimita ni vile vile: 29.92 unayoiona kwenye saa inaweza kuwa 29.9213 ndani. Namba yenye desimali haipimwi kwa usawa. Weka uwigo:

```
<and>
  <greater-than>
    <property>/instrumentation/altimeter/setting-inhg</property>
    <value>29.90</value>
  </greater-than>
  <less-than>
    <property>/instrumentation/altimeter/setting-inhg</property>
    <value>29.94</value>
  </less-than>
</and>
```

Masafa ya redio yana ugonjwa huo huo. Kwenye uelekeo kuna mtego wake: ukitaka 350 hadi 010, `and` haitafanya kazi kwa sababu hakuna namba iliyo zaidi ya 350 na chini ya 10 kwa wakati mmoja. Hapo ni `or`.

---

Kaskazi_09

Altimita ndiyo hiyo hiyo mkuu, ilikuwa `equals`. Flapu pia. Asante sana.

---

Duara_Jekundu

Niingilie upande wa `marker`, maana hapo ndipo masomo yanapoonekana ya kizamani hata kama yanapita.

Duara linawekwa kwa mita: `x-m`, `y-m`, `z-m`, kutoka kwenye asili (nukta sifuri) ya modeli ya ndege. Halijui swichi iko wapi. Linajua nukta tu. Fundi wa modeli akisogeza paneli sentimita nne, duara linabaki hewani linapigapiga kwenye kioo.

Kabla hujaanza kurekebisha moja moja, linganisha maduara mawili matatu yaliyo mbalimbali: funguo ya magneto, swichi ya taa, kishikizo cha flapu. Kama yote yamekosea kwa umbali ule ule na upande ule ule, asili ya modeli ndiyo iliyohamishwa. Pata tofauti mara moja kwenye kila mhimili, kisha ongeza tofauti hiyo kwenye faili zote kwa skripti. Kama mengine yako sawa na mengine yamepotea, paneli imechorwa upya na huna njia ya mkato. Kwa hayo tumia dirisha la `marker-adjust`, sogeza duara mpaka likae juu ya swichi, nakili namba.

Na `scale` isiwe ndogo kupita kiasi. Duara kubwa kidogo linavumilia paneli kusogea. Lile la kubana swichi kabisa linaharibika kwa milimita chache.

---

Anga_Nairobi

Wakuu mmeongelea ndege tu. Dunia nayo haikai mahali pamoja.

Namba ya njia ya kurukia inatokana na uelekeo wa sumaku uliokadiriwa kwa makumi, na ncha ya sumaku inatembea. Njia ya uwanja wa Stansted, London, ilikuwa 05/23, mwaka 2009 ikawa 04/22. Tampa ilikuwa na 18/36, mwaka 2011 zikawa 01/19. Somo lako likisema `<runway>23</runway>` Stansted, mandhari mapya hayana njia hiyo. Onyo linabaki kwenye logi, na mwanafunzi anajikuta si pale ulipomkusudia. Viwanja vyenyewe vinafungwa: Tegel ya Berlin ilifungwa Novemba 2020, na Atatürk ya Istanbul ikahamisha safari za abiria Aprili 2019. Marekani FAA (mamlaka ya anga) inapunguza vituo vya VOR (redio za kuongozea ndege) makusudi, kwa hiyo somo la kufuata VOR linaweza kuamka siku moja halina kituo.

Kumbuka pia kwamba kwenye FlightGear mandhari yanakuja kwa TerraSync (huduma inayoyapakua mtandaoni), mbali na toleo la programu. Hujasasisha chochote, lakini uwanja umebadilika. Cha kukagua ni faili la `threshold.xml` la uwanja. Kwa Reid-Hillview liko `Airports/K/R/H/KRHV.threshold.xml` ndani ya mandhari. Humo kuna namba ya kila njia, uelekeo wake na nukta ya mwanzo. Skripti fupi inaweza kuchukua kila `airport-id` na `runway` kwenye masomo na kuuliza kama ipo kwenye faili hilo.

Sasa jingine kwa wanaohamisha masomo kuyaleta kwetu. Somo la KRHV limeandikwa kwa uwanja ulio karibu futi 135 juu ya bahari. Ukibadilisha `airport-id` kuwa HKJK (Jomo Kenyatta, Nairobi), umepanda zaidi ya futi 5,300. Sharti la "kimo kizidi futi 1,000" linatimia ndege ikiwa bado imeegeshwa, na somo linaruka hatua nzima ya kupaa. Tumia `/position/altitude-agl-ft`, au jumlisha kimo cha uwanja. Na ile hatua ya "throtoli mbele kabisa, mikscha mbele kabisa, subiri mzunguko ufike kiwango fulani" haitafika, kwa sababu hewa ni nyembamba na mchanganyiko umezidi mafuta. Nairobi mikscha inarudishwa nyuma mpaka mzunguko ufike kilele. Somo lisilosema hivyo linamfundisha mtu kosa.

Altimita kwetu inatajwa kwa hektopaskali, kwa hiyo maneno yaseme hPa hata kama sharti linasoma inchi.

---

Rubani_Mezani

Anga umenena. Niongeze viwili vinavyofanana na hivyo.

Hali ya hewa. Somo likiachiwa hewa halisi ya siku hiyo, upepo unaweza kuwa wa nyuma na `error` zote za kasi zikaanza kupiga kelele. Wakati wa kujaribu, washa hivi:

```
fgfs --aircraft=c172p --airport=KRHV \
     --disable-real-weather-fetch --timeofday=noon
```

Ila usiishie hapo. Mwanafunzi hatawasha kwa amri hiyo, kwa hiyo rudia mara moja na hewa halisi.

Hali iliyohifadhiwa. c172p ina chaguo la kukumbuka ulivyoiacha: breki, vigingi vya magurudumu, kamba, mfuniko wa bomba la pitot. Aliyeifunga jana vizuri, leo akianza somo la kupaa anasukuma throtoli na ndege haiendi. Kila kitu ambacho somo linakitegemea kiwekwe kwenye `init`, hata kile unachodhani ni cha kawaida. Kama `init` yako ina mistari mitatu, kuna kitu umesahau.

---

Hornet_Kavu

Upande wa DCS.

Faili la `.miz` ni zip. Chukua nakala, badili kiambishi cha jina kiwe `.zip`, fumua. Utakuta `mission`, `options`, `theatre`, `warehouses`, na folda ya `l10n/DEFAULT` yenye `dictionary` na `mapResource`. Maandishi ya somo yako kwenye `dictionary`, kila moja na ufunguo wake wa `DictKey`. Picha na sauti zinaunganishwa na `mapResource`. Git yako iweke hizi zikiwa zimefumuliwa, maana zip haikuonyeshi nani kabadilisha nini.

Kuonyesha swichi ni `X: COCKPIT HIGHLIGHT ELEMENT`, na kupima ni `X: COCKPIT ARGUMENT IN RANGE`. Majina na namba zote mbili zinatoka kwenye `clickabledata.lua` ndani ya `Cockpit/Scripts` ya ndege. Kila sasisho likitoka, kabla ya kuliruhusu nakili faili hilo, sasisha, kisha linganisha la zamani na jipya kwa `diff`. Dakika chache. Mistari iliyobadilika ndiyo masomo ya kufungua; mengine yaache. Ndege ambazo faili hilo limefungwa huna budi kujaribu kwa mkono.

Namba za uwigo zipe nafasi. Swichi ya hatua mbili inayotua kwenye 1, andika 0.9 hadi 1.1. Kitufe cha kuzungusha kipe 0.05 kila upande.

Mambo ya kuepuka:

Usihariri ndani ya folda ya usakinishaji. Sasisho au `repair` inarudisha faili za awali na kazi yako imeondoka. Hariri kwenye Saved Games.

Usifungue somo la zamani kwenye kihariri kipya na kulihifadhi juu ya lile lile. Kihariri kinaliandika kwa muundo mpya.

Na masomo ya mtindo wa `.trk` yasahau kabisa. Rekodi ile inahifadhi mikono ya rubani, haihifadhi mahali ndege ilipopita. Mwendo wa ndege ukirekebishwa kidogo, mikono ile ile inaipeleka kwingine, na mwalimu anaanguka huku sauti yake ikieleza namna ya kutua. Hakuna kukarabati hapo, ni kurekodi upya au kuandika upya kwa triga (masharti ya kihariri yanayoendesha somo).

---

Propela_Mbao

Hornet, vipi kuhusu mlango wa dharura? Kwenye DCS unaweza kuweka `START WAIT USER RESPONSE` na mwanafunzi akabonyeza spesi kuendelea. Mimi naona kila hatua iwe nao. Somo lililopitwa na wakati basi angalau halimfungi mtu.

---

mzee_wa_logi

Napinga "kila hatua". Ukiweka spesi kila mahali, mwanafunzi anajifunza kubonyeza spesi. Na wewe mtunzaji hutapata ripoti hata moja ya kwamba hatua ya sita imekufa, kwa sababu wote wameiruka.

---

Hornet_Kavu

Kuna njia ya kati. Hatua za maelezo tu (hii ni HUD, hii ni DDI ya kushoto, yaani kutambulisha skrini za rubani) ziwe na spesi, hazina cha kupima. Hatua za vitendo ziwe na sharti la kweli, na mlango ufunguke baada ya sekunde 60 kwa `TIME SINCE FLAG`, na ujumbe useme wazi: "Kama umeshafanya hili na somo halisongi, hatua hii huenda ina hitilafu. Bonyeza spesi, na uripoti hatua namba 6." Namba ya hatua ni lazima iwe kwenye maneno. Ripoti ya "somo la pili limeharibika" haina msaada.

---

mzee_wa_logi

Hiyo naikubali. Kwenye FlightGear unapata kitu hicho hicho kwa `or` ndani ya `exit`: sharti la kweli, au muda kupita. Ila weka na `nasal` inayoandika kwenye logi hatua ikipita kwa muda.

---

Propela_Mbao

Sawa. Na sauti? Somo lenye sauti ya mtu linapendeza, lakini swichi ikibadilika jina lazima urekodi upya.

---

Rubani_Mezani

Sauti ndiyo gharama kubwa, kwa hiyo panga tangu mwanzo. Faili moja kwa hatua moja, lisizidi sentensi mbili tatu. Aliyerekodi dakika nne mfululizo atarudia zote nne kwa ajili ya neno moja, na sauti ya leo haifanani na ya mwaka jana, kwa hiyo hata kukata na kuunganisha kunasikika.

Kisha gawanya kinachosemwa na kinachoandikwa. Sauti ieleze kwa nini: "Tunafungua mafuta kabla ya kuwasha ili injini isikose mafuta." Namba, vitufe na masafa vibaki kwenye maandishi, maana hivyo ndivyo vinavyobadilika. Kitufe cha kibodi usikitaje kabisa kwenye sauti. Kwenye maandishi taja swichi kwanza, kitufe baadaye: "Zungusha funguo ya magneto hadi BOTH (kwa kibodi ni `}`)." Mwenye joystiki amebadilisha vitufe vyake zamani.

Kwa FlightGear unaweza kuacha `audio` kabisa. Simuleta ina sauti ya mashine inayosoma `message` yenyewe. Haina mvuto, ila haipitwi na wakati. Mimi ningeiacha hivyo kwa ndege ambayo bado inajengwa.

---

Kaskazi_09

Swali la mwisho wakuu. Nikitaka kutunza masomo ya ndege moja tu, nianze na lipi kila toleo likitoka? Muda ni mchache.

---

mzee_wa_logi

Orodha ya `grep` kwanza, kisha `threshold.xml`. Hizo hazihitaji kurusha. Halafu rusha somo la kuwasha injini kwa mkono, mara mbili: ukiwa na injini ya 160, kisha ya 180. Hilo ndilo analofungua kila mgeni, na ndilo linalogusa swichi nyingi kuliko yote. Somo la kupaa na la mzunguko wa uwanja yanafuata. Yale ya kushuka kwa ILS (kufuata mawimbi ya redio hadi njia ya kutua) yaache mwisho; anayeyafikia ana uwezo wa kukuandikia ripoti.

Na kila faili weka maoni ya XML juu kabisa: limejaribiwa kwenye toleo gani la simuleta, toleo gani la ndege, mwezi gani. Bila hilo anayekuja baada yako anaanza na sifuri.

---

Duara_Jekundu

Ongeza: picha moja ya paneli kutoka kwenye toleo ulilojaribu, ndani ya folda hiyo hiyo ya git. Modeli ikibadilika unaziweka mbili kando kwa kando na unaona swichi zilizohama kabla hata hujawasha duara moja.